Kilichobaki Chunguni

Alanyo aliingia karakanani asubuhi akiwa na sahani ya mayuni, yale majimbi ya bondeni, yaliyochemshwa, mvuke bado unapaa, akaiweka mbele ya Mzee Omolo, mwenye karakana, juu ya meza tunaposugulia vyuma.

"Kula, mzee," akamwambia. "Hii imeota chini ya bomba yako."

Mzee Omolo akaitazama ile sahani. Akasema asante, ameshiba.

"Umeshiba saa hii? Na chai yenyewe bado haijafika?"

Siku nyingine tungecheka. Asubuhi ile kila mtu aliinama akaendelea na kazi yake, kwa sababu sote tulijua kilichomleta.

Karakana yetu iko Bwaise, Kampala, upande wa bondeni wa barabara ya Bombo. Kazi yetu ni kuvika vyuma: mabomba ya bafuni, vinara vya kanisani, vikombe vya mashindano, bampa za magari ya zamani ambazo wenyewe wanazipenda kuliko magari. Chuma kinatumbukizwa kwenye beseni la mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba iliyoyeyushwa kwa asidi, umeme unapita, kinatoka kimevaa shaba. Kisha kinasuuzwa. Maji ya suuza hubaki na ubluu wa mbali, kama shati lililofuliwa mpaka rangi ikachoka, na tangu karakana ifunguliwe maji hayo yalikuwa yakitoka kwa bomba nyuma ya ukuta na kuteremka hadi mfereji mkubwa. Kati ya bomba na mfereji ndipo lilipokuwa tuta la mayuni la Alanyo.

Tuta lile ndilo lililomlisha. Mumewe alikuwa polisi, na alipofariki ilimbidi Alanyo aondoke kambini, maana nyumba za kambini ni za walio kazini. Akaja Bwaise na godoro, vyungu vyake, na mkanda wa sare wa marehemu wenye bizimu la shaba la kufungia. Mahali penye tuta palikuwa jaa la taka. Alipasafisha peke yake, akapanda, na baada ya muda wanawake wa sokoni wakawa wanamfuata mlangoni, kwa sababu mayuni yake yalikuwa laini na hayawashi koo. Alitoka upande wa Lira, kaskazini mwa Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali sana nini kinapatana na nini, lakini sikumbuki hata mara moja ambapo mtu alishindwa kumwelewa.

Sasa afisa wa mazingira, bwana mmoja mpole aitwaye Oryem, wa kaskazini kama Alanyo, alikuwa amepita, akachota maji ya mfereji kwenye chupa akayapeleka kupimwa. Majibu yalirudi kwamba maji yana shaba kupita kiasi. Alimwambia Alanyo kwa heshima, akimwita mama, kwamba mayuni yale yasiliwe wala kuuzwa. Angerudi mvua zikikatika. Kama kipimo kingekuwa kibaya tena, karakana ingefungwa na tuta lingefukiwa kwa kifusi cha murram, udongo mwekundu wa barabara.

Kwa hiyo sahani ile ilikuwa mashtaka. Mzee Omolo hakuyakana. Nimefanya kazi naye muda mrefu na sijamwona akimdhulumu mtu kwa kukusudia. Yeye alidhani, kama mimi nilivyodhani, kwamba maji yenye rangi hafifu vile hayana nguvu ya kumdhuru mtu. Alisema tu, "Shemeji, nipe muda nimuulize Vera." Alanyo akamjibu kwamba yeye anao muda, mayuni ndiyo hayana. Akachukua sahani yake akaondoka.

Vera Nabangala ni mke wa Mzee Omolo, na anafundisha kemia katika shule ya sekondari huko Ntinda. Alikuja Jumamosi, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatueleza kwamba kinachoweza kuishika ile shaba tunakikanyaga kila siku kwenye vibanda vya maseremala kando ya barabara: unga wa mbao, ule unaomwagika chini ya msumeno. Mti, alisema, hata ukishakufa na kusagwa, una vishikizo vidogo ndani yake visivyoonekana kwa macho, na shaba iliyoyeyuka majini hupenda kunasa hapo. Ila vishikizo vingi vimejikunja. Ukiuloweka unga huo kwenye maji makali ya magadi, vinakunjuka. Tatizo lilikuwa magadi yenyewe, kwa kuwa ya shule yalikuwa ya kopo dogo la majaribio, na sisi tulihitaji mapipa.

Alanyo alikuwa amerudi kusikiliza, ameegemea mlango. Akauliza kama hayo magadi hayawezi kuwa maji ya majivu.

Vera akasema yanaweza kabisa, kama yapo makali na mengi.

"Mwalimu," Alanyo akasema, "wewe ni Mbukusu. Mama yako alipika kunde na nini?"

Vera akacheka mpaka akashika kiuno. Kwao wanapika kwa chumvi ya majivu, kwetu Siaya, Kenya, vilevile, na huko Lira mboga bila chumvi hiyo inahesabiwa kuwa chakula cha mgonjwa. Sote tulikuwa tumekulia karibu na kile chungu chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi, kimejazwa majivu, maji yanamwagiwa juu na kudondoka taratibu kwenye chungu cha pili, ya kahawia, yanayoteleza vidoleni. Alanyo alikuwa nacho. Majivu aliyapata kwa maganda ya matoke, ambayo Kampala hayajawahi kuadimika. Aliyaanika juu ya paa, akayachoma, na maji yaliyodondoka yalikuwa makali kiasi kwamba Vera alipochovya kidole alikipangusa haraka kwenye sketi.

Tukaloweka unga wa mbao. Ule wa mkangazi ulitoa rangi nyekundu isiyoisha, tukauacha. Wa musizi, mti wa mbao nyepesi, ulitoa rangi kama chai, lakini baada ya kuusuuza sana maji yalitulia. Tukaujaza kwenye pipa, chini tukatandika kokoto na kipande cha shuka la mtumba kutoka soko la Owino, tukafungulia maji ya suuza yapite.

Yalipita yakiwa bluu vilevile.

Mimi kemia sikuisoma, lakini nina desturi yangu moja. Nasugua msumari mpaka ung'ae, nautia kwenye maji ninayoyashuku, naacha ukae. Kama kuna shaba ya kutosha, msumari unavaa wekundu. Ule wa siku hiyo ulitoka mwekundu kama mdomo wa bibi harusi. Vera alipima hiki na kile, akauliza habari za asidi iliyobaki majini, akashauri tuongeze maji ya majivu kidogo kwenye pipa la suuza kabla ya kuchuja. Ilisaidia, ila si sana.

Aliyeona kosa ni Alanyo. Alitazama maji yanavyotoka kwenye pipa kwa kishindo, akatikisa kichwa, akasema tunamwaga, hatuchuji. Chungu cha chumvi, alisema, ukikikimbiza kinakupa maji ya kunawa miguu. Alikwenda kwake akaleta vyungu vyake vingine, akavipanga kimoja juu ya kingine kwenye fremu ya kitanda cha chuma, cha juu kikidondokea cha chini, akatia unga wa mbao kwa mkono, anaubonyeza kidogo, anaacha, anaubonyeza tena, kama anayelaza mtoto. Nyasi alizozitandika chini alizichagua moja moja. Sikuelewa alikuwa anachagua nini ndani yake, na nilipomuuliza alisema nyasi yenye kidonda inaziba.

Maji yakaanza kudondoka. Tone, kimya, tone. Mzee Omolo alisimama hapo akasema kwa mwendo huo tutasuuza kinara kimoja mpaka Krismasi. Alanyo akamwambia aongeze vyungu, asiongeze haraka. Nikachukua maji yaliyodondoka nikatia msumari wangu, nikaenda kula. Niliporudi msumari ulikuwa mweupe.

Nilimwonyesha Vera. Aliugeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akampelekea Alanyo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha thamani. Alanyo aliutazama akasema, "Ni msumari," akaurudisha.

Tukaongeza vyungu, na Mzee Omolo akapunguza maji ya suuza kwa kuchovya chuma kwenye ndoo ndogo kwanza. Alanyo akajitwika uangalizi. Hakuna aliyempangia, alisema maji ni yake kabla hayajawa ya mfereji, basi ayaangalie yeye. Alikuja asubuhi na jioni, anapapasa unga kwa vidole, ananusa, anasikiliza tone kwa sikio lililoinamishwa. Unga ulipoanza kuwa wa kijani alijua umechoka. Aliumwaga, akatia mpya, na tone likaendelea.

Aliumwaga kwenye tuta lake.

Hakuna kati yetu aliyeshtuka. Mama zetu wote walifanya hivyohivyo: majivu yakishachujwa, kilicho kizuri kimeshatoka na maji, kilichobaki chunguni kinatupwa shambani, na shamba linashukuru. Mkono wa Alanyo ulikuwa umeijua njia hiyo tangu utotoni. Aliutandaza ule unga kwenye mashina ya mayuni vizuri, sawasawa, kama blanketi.

Mvua zikanyesha. Zilipokatika Oryem akarudi na chupa yake, akachota pale pale mferejini alipochota mwanzo. Tulimngoja kwa moyo mweupe. Alipoleta majibu alikuwa ameyakunja mfukoni na hakuyatoa upesi. Shaba ilikuwa imezidi ile ya kwanza.

Mzee Omolo alisema maneno mengi siku hiyo. Alisema vyungu ni vya jikoni, alisema amepoteza muda wake, alisema mtu mzima hawezi kuweka riziki yake juu ya nyasi. Hakumtaja Alanyo kwa jina, lakini Alanyo alikuwepo. Alisikiliza yote, kisha akamwomba Oryem, kwa lugha yao, jambo ambalo sikulielewa. Oryem akatuambia kwa Kiswahili kwamba atapita mara moja tu zaidi kabla ya kuandika neno la mwisho. Tuta na karakana vingesimama au kuanguka pamoja.

Alipoondoka, Alanyo akanigeukia. "Fundi, leta misumari yako."

Tulitembea pamoja na Vera kutoka juu kwenda chini. Tukachota penye tone la chungu, penye mdomo wa bomba, katikati ya tuta, na chini ya tuta. Nikapanga vikopo ukutani, kila kimoja na msumari wake, na tukakaa kungoja. Alanyo hakukaa. Alisimama mbele ya vikopo vile amefumbata mikono, na hakuondoa macho. Misumari ya vikopo vya juu ilibaki myeupe. Ya vikopo vya tuta ilianza kuona haya, wekundu ukipanda polepole, kutoka kwenye ncha.

Nilimwona anavyoelewa. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye tuta, akachota gao la ule unga wa kijani uliolala kwenye shina la yuni, akarudi nao.

"Majivu inatoa kitu, inabakiza takataka," alisema. "Hii inabakiza kitu, inatoa maji. Mimi nimetupa kitu." Akaufungua mkono tuone. "Nimelisha shamba yangu mwenyewe."

Vera akaanza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba alipaswa kueleza. Alanyo akamkatiza kwa upole: mwalimu alieleza siku ya kwanza kabisa, alisema unga unashika. Masikio yalisikia, ila mkono ndio uliokuwa hausikii.

Kisha akainua sketi akaifunga kiunoni, akaingia kwenye tuta. Alianza kukusanya ule unga kwa viganja na kuutia kwenye magunia, shina baada ya shina. Tulimfuata. Mzee Omolo alitutazama kwa dakika kadhaa kutoka mlangoni, akavua viatu, akaja. Udongo wa juu ulikuwa umekwisha kuchanganyika na unga, kwa hiyo Alanyo akasema utoke nao. Na alipofika mwisho wa tuta akageuka, akayatazama mayuni yake yaliyonawiri, majani makubwa kama masikio ya tembo, akaanza kuyang'oa. Nilimwambia afisa hajaamuru hivyo. Akasema anajua. Hakubakiza hata moja. Katika watu niliofanya nao kazi, sijui mwingine ambaye angeweza kung'oa chakula chake mwenyewe kwa mikono yake pasipo kulazimishwa, na bila kumtupia mtu lawama.

Udongo Oryem alitusaidia kuutafutia lori la taka hatari. Unga wa chunguni ulikuwa jambo jingine, maana ungeendelea kuchoka na kutolewa kila baada ya muda, na hatungeweza kujaza magunia milele. Mzee Omolo aliuliza swali la haki: kama kila chungu kinazaa gunia la sumu, tumeitoa sumu wapi na kuipeleka wapi? Vera alikubali kwamba bila jibu la hilo hatujafanya kitu. Alisema vitabu vinasema shaba inaweza kuoshwa kwa asidi itoke kwenye unga, ila yeye hajawahi kufanya hivyo nje ya chupa ya maabara, na hajui mbao itavumilia mara ngapi.

Siku iliyofuata Alanyo alikuja na ule mkanda wa marehemu. Bizimu lake lilikuwa linang'aa nusu, nusu nyingine imeota kutu ya kijani, ile inayoota kwenye shaba iliyoachwa. Kambini, alisema, kila Jumapili jioni wake wa polisi walikaa barazani wakisugua mabizimu na vifungo kwa limau, na limau ilikula kijani yote. Akaweka mkanda karibu na unga uliochoka. Kijani kilikuwa kimoja.

Alikata limau, akakamua kwenye kikombe chenye gao la unga, akakoroga kwa kidole. Tuliinama sote. Maji ya limau yalianza kugeuka rangi, na unga ukaanza kurudi manjano.

"Mwalimu," akasema, "hii ndiyo asidi yako?"

"Ndiyo yenyewe, mama," Vera akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Niliwahi kumsikia akiwasifu wanafunzi wake. Hii haikuwa sauti ya kusifu. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona milima aliyokuwa akiifundisha kwenye ramani.

Limau za kuoshea vyungu vyote zingemaliza soko. Lakini hapo mimi nilikuwa na la kuchangia, kwa kuwa beseni letu la mrututu lina asidi yake, na asidi hiyo tunayo. Vera alinionyesha jinsi ya kuipunguza ukali, nikavaa glavu, tukaupitisha unga uliochoka humo, tone kwa tone, kwenye chungu kilekile. Kilichodondoka kilikuwa bluu, bluu iliyokolea, bluu ninayoijua. Nilikitazama nikatambua kwamba ni mrututu wetu wenyewe, uliokuwa ukituponyoka kwa bomba miaka yote. Nikaurudisha kwenye beseni ulikotoka.

Unga tuliusuuza, Alanyo akaunywesha maji yake ya majivu, ukarudi chunguni. Msumari ukatoka mweupe. Ulipochoka tukauosha tena, na tena ukafanya kazi. Sitasema haukupungua, kila ukioshwa unashika pungufu kidogo, na chembe nyingine zinasagika na kupotea. Vera anaijua namna ya kuipima hiyo. Alanyo anaijua kwa vidole. Wakitofautiana, hubishana, na mara nyingi hukutana katikati.

Oryem alipokuja mara ya mwisho, tuta lilikuwa shimo tupu la udongo mwekundu. Alichota maji yake, akakaa kwa muda mbele ya vyungu vilivyopangwa kwenye fremu ya kitanda, akamuuliza Alanyo maswali mengi kwa lugha yao. Majibu yalipokuja hakuyakunja mfukoni. Maji yalikuwa yamefaulu kipimo. Alisema atakuwa anakuja kuchota bila kutoa taarifa, na Alanyo akamwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Alijaza udongo mpya alioubeba kwa beseni kutoka juu ya barabara. Miche aliipanda kuanzia mahali ambapo mtu mwingine yeyote angepaacha: karibu kabisa na mdomo wa bomba letu. Nilimuuliza kwa nini asianzie mbali. Akasema ikiwa ni ya kufa, afadhali aione mapema, na anayetaka kujua habari za bomba asimuulize mfereji.

Haikufa. Oryem alichukua yuni la kwanza akaenda nalo kulipima, akaleta habari njema, na Alanyo akavuna.

Asubuhi moja akaingia karakanani na sahani, akaiweka juu ya meza ileile. Mvuke ulikuwa unapaa. Vera alikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa.

"Kula, mzee," akasema.

Mzee Omolo alinawa mikono, akafuta kwenye aproni, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote. Alitafuna taratibu huku sote tukimtazama. Akameza, akachukua kingine. Alipofikia cha tatu akasema, bila kuinua macho, kwamba chumvi imepungua.

"Ya duka sijaweka," Alanyo akamwambia. "Ya kwetu iko kwa chungu. Simama uende uchote."

Mzee Omolo akatazama safu ya vyungu kwenye fremu ya kitanda, vya majivu na vya mbao, vyote vinadondoka.

"Ni kipi?" akauliza.

Alanyo alicheka hadi akakaa chini, kisha akamwonyesha cha majivu kwa kidole.